Rangi Tatu Hazikuwa Mwisho wa Mass Effect

Kila tarehe 7 Novemba wapenzi wa gemu za Mass Effect husherehekea siku yao, N7, na mwaka 2025 salamu za studio ya BioWare zilibeba habari mbili. Ya kwanza, studio sasa inashughulikia gemu mpya ya Mass Effect peke yake. Ya pili, tamthilia ya televisheni inayotayarishwa na Amazon itasimulia mambo yaliyofuata baada ya gemu tatu za mwanzo, wala haitarudia kisa cha Kamanda Shepard, mhusika mkuu wa gemu hizo. Habari hizo zimefufua ubishi wa tangu 2012. Ikiwa hadithi inasonga mbele kutoka pale ilipoachwa na Mass Effect 3, basi lazima mtu aamue Shepard alichagua nini: nyekundu ya kuwaangamiza maadui, mashine ziitwazo Reaper, buluu ya kuwatawala, au kijani ya kuunganisha viumbe hai na mashine. Watu wanachambua picha za matangazo kipande kwa kipande na kugombana usiku kucha. Naona ubishi huo umebisha hodi mlango usio wake. Hadithi ile ilimalizikia kwenye sayari za Tuchanka na Rannoch, saa nyingi kabla ya rangi kujitokeza, na kilichowaumiza wachezaji ni kuona dakika kumi za mwisho zikienda kana kwamba Tuchanka na Rannoch hazikuwahi kutokea. Waandishi wapya wakihangaika na rangi wakalisahau hilo, watarudia kosa lile lile, na safari hii halitasameheka kirahisi.

BioWare ilianzishwa mwaka 1995 mjini Edmonton, Canada, na madaktari wa tiba. Wawili kati yao, Ray Muzyka na Greg Zeschuk, walibaki nayo hadi 2012. Mass Effect ya kwanza ilitoka Novemba 2007, ya pili Januari 2010, ya tatu Machi 2012, na katikati ya safari hiyo studio ilinunuliwa na Electronic Arts. Ni gemu ya kuvaa uhusika: wewe ni Shepard, mwanajeshi wa kiume au wa kike upendavyo, katika karne ya 22, wakati wanadamu ni wageni wachanga kwenye baraza la galaksi lenye wenyeji wa siku nyingi. Jeshi la wanadamu lina manowari za anga zilizopewa majina ya milima, na mojawapo ni Kilimanjaro. Nilipokutana na jina hilo katika kamusi ya ndani ya gemu nililisoma mara mbili. Shepard anagundua kwamba mashine za kale ziitwazo Reaper hurudi kila baada ya miaka 50,000 kuvuna ustaarabu wote uliokomaa, na kwamba zamu yetu imefika. Hadithi ya namna hiyo wengi wameisimulia. Kilichoitofautisha hii ni faili. Ulipomaliza gemu ya kwanza, kumbukumbu ya maamuzi yako ilihamia kwenye ya pili, na kutoka ya pili ikahamia kwenye ya tatu. Uliyemuacha afe mwaka 2007 hukumkuta mwaka 2012. Studio ilikuwa imefanya mapatano na mchezaji: kumbuka ulichotenda, nasi tutakumbuka.

Mapatano hayo yalifikia kilele mwishoni mwa Mass Effect 2, na inafaa kukaa hapo kidogo, kwa sababu wapo wanaodai kwamba mwisho unaotii maamuzi ya mchezaji ni ndoto isiyotekelezeka. Shepard anaongoza kikosi kwenda mahali ambapo hakuna meli iliyowahi kurudi. Kila mwenzako ana jambo lake la moyoni, na ukilipuuza anaweza kufa. Kuna marekebisho ya meli, na usipoyafanya watu wanauawa kabla hata hamjatua. Mnapofika, unaulizwa nani apite kwenye bomba kufungua milango, nani aongoze kundi la pili, nani awasindikize majeruhi, na ukimtuma asiyeiweza kazi hiyo, anakufa yeye au mwenzake. Mabaharia wako wakitekwa ukachelewa kwa kwenda kumalizia shughuli nyingine kwanza, utawakuta wengine wamekwisha kuyeyushwa. Wenzako wakifa karibu wote, Shepard naye hapandi tena melini. Mchezaji aliyeng'amua hayo hakuhitaji kuelezwa maana ya wajibu. Aliiona kwenye majeneza. Studio hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha kwamba inaweza.

Mass Effect 3 nayo iliweza, kwa muda mrefu. Wakrogan wa sayari ya Tuchanka ni watu wa vita waliowahi kutumiwa kama ngao ya galaksi, kisha walipozidi nguvu Wasalarian wakabuni ugonjwa na Waturian wakaumwaga juu yao: Genophage, ulioacha karibu kila mimba itoke bila uhai. Katika gemu ya pili unasafiri na Mordin Solus, mwanasayansi Msalarian aliyeshiriki kuuboresha ugonjwa huo ili usizoeleke, anayejitetea kwa hesabu huku dhamiri ikimsuta. Katika ya tatu Reaper wamefika, Waturian wanawahitaji Wakrogan, na Wakrogan hawatatoa hata askari mmoja bila dawa. Hapo faili lako linaanza kuongea. Je, Wrex, kiongozi pekee Mkrogan mwenye ndoto zaidi ya kisasi, aliokoka ule ugomvi wenu kwenye sayari ya Virmire katika gemu ya kwanza? Uliyahifadhi matokeo ya utafiti wa Maelon, mwanafunzi wa Mordin aliyeitafuta dawa hiyo, au uliyafuta? Ukiwa uliyafuta, mwanamke Mkrogan ambaye ndiye tumaini la kizazi kipya atakufa. Mordin anapanda kwenye mnara unaowaka kwenda kurekebisha kosa lake mwenyewe, na unaweza kumwacha apande au ukampiga risasi mgongoni kwa maslahi ya Wasalarian. Na ukiwa na Wrex aliye hai ukamsaliti, atakufuata kudai. Hilo ni swali zito la haki: nani anayo ruhusa ya kuamua watoto wa watu wengine wazaliwe au wasizaliwe? Gemu haikujibu kwa niaba yako.

Kisha Rannoch. Waquarian waliunda Wageth wawe vibarua, mashine zinazofikiri kwa pamoja, hadi siku mashine moja ikauliza kama ina roho. Waundaji wakaingiwa na hofu, wakajaribu kuzizima zote, wakashindwa vita, na kwa miaka 300 wakawa watu wa melini, wamefungiwa ndani ya mavazi yao, bila ardhi. Shepard anafika wakati Waquarian wamerudi kuitwaa sayari yao kwa nguvu na Wageth wamekimbilia kwa Reaper ili wasifutwe. Legion, Mgeth uliyesafiri naye, anaomba awapatie wenzake uwezo wa kuwa nafsi kamili. Ukimruhusu bila maandalizi, Waquarian wanaangamia na rafiki yako Tali anajitupa kwenye korongo. Ukimkataza, Wageth wanakwisha. Ila ukiwa umeitunza kesi ya Tali kwenye gemu ya pili, ukawasuluhisha yeye na Legion walipogombana, na ukafanya kazi uliyotakiwa kufanya kabla ya vita vya mwisho, kuna mlango wa tatu: majeshi yanashusha silaha. Legion anakufa akiwapa wenzake uhai, na yeye aliyekuwa akisema "sisi" maisha yake yote, kwa mara ya kwanza anasema "mimi". Dakika chache baadaye Mgeth anamwelekeza Mquarian mahali pazuri pa kujenga nyumba.

Nilicheza sambamba na binamu yangu, kila mmoja na kompyuta yake. Wrex wake alikufa Virmire, wangu aliishi. Tulipofika Tuchanka tulibishana jioni nzima, yeye akisema Wakrogan chini ya Wreav, ndugu yake Wrex mwenye kiu ya damu, hawafai kupewa dawa, mimi nikimwambia kwamba anawahukumu watu wote kwa mtawala mmoja. Ulikuwa ubishi mkubwa kuliko gemu. Tulipomaliza hadithi yote tulikaa kimya. Kila mmoja alikuwa ameona mwanga ule ule wenye rangi tofauti, na hatukuwa na la kubishania.

Kwa maana katika dakika zile za mwisho Shepard anapandishwa mbele ya akili mnemba ya kale yenye sura ya mtoto, Catalyst, inayomweleza kwamba walioundwa daima watawaasi waundaji wao, na kwa hiyo Reaper huvuna viumbe hai ili kuwaokoa wasifutwe na mashine zao wenyewe. Kisha inampa njia. Mtu aliyetoka Rannoch saa chache zilizopita, aliyeacha Wageth na Waquarian wakijenga pamoja, katika toleo la Machi 2012 hakuwa na sentensi hata moja ya kusema: njoo uone. Anauliza maswali machache, anachechemea kwenda kwenye rangi. Kazi yote ya kukusanya washirika, Wakrogan, Waturian, Wageth, hata Warachni, ilikuwa imegeuzwa namba, jumla ya nguvu za kijeshi, na namba hiyo ilizidishwa kwa kiwango cha utayari kilichoanzia asilimia 50 na kupandishwa hasa kwa kucheza na wengine kwenye intaneti. Baada ya majina ya watayarishaji, ukaja ujumbe wa kumhimiza mchezaji aendelee kuijenga sifa ya Shepard kwa nyongeza za kupakua.

Hoja iliyosambaa sana wakati ule, na bado naisikia, ni kwamba wachezaji walikasirika kwa sababu Shepard anakufa: walitaka harusi na wakapewa matanga. Kati ya hoja zote za kuutetea mwisho ule, hii ndiyo dhaifu kabisa. Watu hao hao walimlilia Mordin na kusema kifo chake ni kati ya mambo mazuri waliyowahi kuyaona kwenye gemu. Walimzika Legion kwa heshima. Walikaa kando ya kitanda cha Thane, mwenzao wa gemu ya pili, wakisoma dua pamoja na mwanawe. Kila kimoja cha vifo hivyo kilitokana na mtu tuliyemjua akitenda jambo lililofanana naye, na mara nyingi sisi ndio tuliofungua njia. Huzuni ilikubaliwa kwa mikono miwili. Kilichokataliwa ni huzuni isiyo na chanzo katika yaliyotangulia.

Wala malalamiko hayakuwa ya watu wasiofuatilia hadithi. Yalitoka kwa walioifuatilia kupita kiasi. Nyongeza ya Arrival ya mwaka 2011 ilitufundisha kwamba mtambo wa Mass Relay, unaorusha meli kutoka nyota hadi nyota, ukilipuka unafuta mfumo mzima wa nyota ulio karibu nao. Shepard mwenyewe alilipua mmoja na kuua Wabatarian zaidi ya 300,000. Mwaka mmoja baadaye mwisho wa Mass Effect 3 unaonyesha mitambo yote ya galaksi ikipasuka, bila neno. Mchezaji aliyekuwa makini afikirie nini? Alifanya hesabu aliyofundishwa na gemu yenyewe akakuta ameua kila mtu. Tena wenzake aliokuwa nao kwenye vita vya mwisho London muda mfupi uliopita anawaona wakishuka kutoka kwenye Normandy, meli ya Shepard, iliyoanguka sayari ya mbali, bila kuelezwa walipandaje. Kiongozi wa mradi, Casey Hudson, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kabla ya gemu kutoka kwamba huu hautakuwa mwisho wa kuchagua A, B au C. Wachezaji walituma BioWare keki ndogo 400 zenye krimu za rangi tatu na ladha moja. Naikumbuka keki hiyo kama uhakiki ulioandikwa kwa sukari, na studio ilifanya uungwana wa kuzipeleka kwenye makazi ya vijana.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya uhuru wa msanii. Ikiwa kelele za watu zinaweza kumfanya mwandishi abadilishe alichoandika, kesho kila hadithi ngumu itasawazishwa kwa kura. Naikubali hofu hiyo, na baadhi ya waliopiga kelele walivuka mpaka. Kuwatukana waandishi kwa majina hakuna utetezi. Lakini hoja hiyo inasahau mapatano ya faili. Riwaya haimwahidi msomaji kwamba atashiriki kuitunga. Mass Effect iliuzwa kwa ahadi hiyo mara tatu, kwa miaka mitano, na mchezaji alilipia kila mara. Aliyealikwa jikoni akachambua mchele, akakuna nazi na kupuliza moto, ana haki ya kuuliza kwa nini chakula kilicholetwa mezani kimetoka jiko jingine.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine, na husemwa mara chache. Amani ya Rannoch ina umri wa wiki chache. Catalyst ina ushahidi wa mamilioni ya miaka. Javik, pekee aliyebaki wa Waprothean waliovunwa zama zilizotangulia zetu, anasimulia jinsi mashine zilivyowageuka watu wa zama zake, na nyongeza ya Leviathan, iliyotoka Agosti 2012, ilieleza kwamba Catalyst iliundwa hasa kwa sababu mataifa mengi mno yalikuwa yameuawa na mashine zao. Basi huenda Shepard ndiye mjinga, na Rannoch ni mapumziko tu kabla ya vita inayofuata. Hoja hii ina nguvu, na ningependa kuisikia ikisemwa kwenye ule ukumbi wa mwisho. Hapo ndipo ilipokosekana. Shepard angesema Rannoch, Catalyst ingejibu kwamba imeona Rannoch elfu moja na zote zikaoza, na mchezaji angelazimika kuchagua kati ya ushahidi wa kale na marafiki zake. Hata asingeshinda ubishi, angekuwa amebishana, na aliyewaacha Wageth wafe angesimama pale bila kitu mkononi, akijua kwa nini. Tofauti kati ya mchezaji mmoja na mwingine ingekuwa katika kile anachoweza kusema, na isingehitaji mabilioni ya pesa wala filamu kumi na sita za kumalizia.

Tarehe 26 Juni 2012 BioWare ilitoa Extended Cut, nyongeza ya kurefusha mwisho ule, bila malipo. Ilieleza mitambo imeharibika ila haikufuta mifumo ya nyota, ikaonyesha wenzako wakiondolewa London, ikashusha namba zilizohitajika, ikaongeza picha za maisha baada ya vita, na ikamruhusu Shepard kukataa njia zote, kwa gharama ya zama zetu kuvunwa. Ilikuwa kazi ya heshima, na zile picha za Wakrogan wakibeba watoto zilinigusa kwa sababu zilirudi Tuchanka. Hata hivyo ilitibu maswali ya "nini kilitokea" na kuacha lile la "kwa nini". Septemba mwaka huo Muzyka na Zeschuk waliondoka. Nyongeza ya Citadel, Machi 2013, iliwapa wachezaji sherehe ya kuagana na wahusika, na wengi wanaichukulia kama mwisho wa kweli. Naelewa, ila sherehe ni faraja, na faraja haijibu hoja.

Turudi sasa kwenye ubishi wa leo. Tangazo la Desemba 2020 lilimwonyesha Liara, mwenzake Shepard, akipanda juu ya theluji palipo na mzoga wa Reaper na kuokota kipande cha vazi la N7, daraja la kijeshi la Shepard, na wengi wakahitimisha kwamba nyekundu imeshinda. Mwaka uliofuata ikatolewa picha ya shimo kubwa ardhini ambalo ukilitazama kutoka juu lina umbo la kichwa cha Mgeth. Ukiweka picha hizo mbili pamoja, utaona kwa nini suala la rangi ni dogo. Catalyst ilisema nyekundu inaua kila uhai wa mashine, Wageth wakiwemo; katika Extended Cut jina la EDI, akili mnemba ya Normandy, linawekwa kwenye ukuta wa marehemu. Waandishi wakiichukua nyekundu na kuwaacha Wageth wamekufa kimyakimya, watakuwa wameandika kwamba walioundwa na waundaji kweli hawawezi kuishi pamoja, kwa kuwa mmoja ameteketezwa ili mwingine apone. Catalyst itakuwa imeshinda ubishi ambao Shepard hakuruhusiwa kuuingia. Wakiwarudisha Wageth bila maelezo, kafara ya Legion itageuka mapambo. Na Wakrogan je? Kuna mamilioni ya faili ambamo waliponywa, na mengine ambamo walidanganywa. Sayari yenye watoto na sayari isiyo nao haziwezi kufichwa nyuma ya picha moja ya theluji.

Ninayo sababu ya kuwa na wasiwasi. Dragon Age: The Veilguard, gemu ya BioWare ya Oktoba 2024, ilikubali maamuzi matatu tu kutoka gemu iliyoitangulia, katika mfululizo ambao nao ulijengwa juu ya kumbukumbu za mchezaji. EA (Electronic Arts) ilisema ilivuta watu milioni 1.5, karibu nusu ya matarajio, na Januari 2025 studio ikapunguzwa. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba EA yenyewe inanunuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa umma wa Saudi Arabia pamoja na Silver Lake na Affinity Partners, na dola bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Kampuni yenye deni la namna hiyo hushawishika kutafuta wateja wapya wasiojua Wrex ni nani, na njia rahisi ya kuwapata ni kusema vita viliisha, Reaper walishindwa, tuanze upya. Sipingi wateja wapya. Anayeanza leo anaweza kuelezwa Genophage kwa dakika tano akaguswa, kama tulivyoguswa sisi, kwa sababu ni habari ya watu na watoto wao.

Ningekuwa mezani na waandishi hao ningewaachia rangi waichague wenyewe, yoyote ile, bila kinyongo. Ningewaomba mwanzoni mwa gemu wamuulize mchezaji mambo mawili: uliwafanya nini Wakrogan, na Rannoch ni ya nani? Majibu hayo yakae ndani ya watu utakaokutana nao, katika namna Mkrogan anavyokutazama unapoingia dukani kwake, katika kama kuna shule Tuchanka au kuna makaburi tu. Siku gemu hiyo ikifika nitapita picha za mwanzo haraka. Nitatafuta kama kuna Mgeth hata mmoja aliyebaki, na nitamsikiliza kama anasema "mimi" au "sisi".